Gari Lisilokula Mafuta

Mama niliyekuwa dereva wake hakuwa na desturi ya kunipa mkono. Nilipofika kwake Sekei asubuhi nilimwamkia, naye aliitikia "marahaba" huku ameshafungua mlango wa nyuma wa gari. Ndiyo maana nilishangaa siku alipoanza kuninyooshea mkono. Aliushika wangu, akauzuia kidogo, kisha akaupeleka wake karibu na pua kama mtu anayerekebisha miwani. Ilinichukua siku tatu kuelewa kwamba ananusa petroli.

Alikuwa mjane mwenye maduka mawili ya dawa mjini, mmoja wa wale waliofungua biashara mara serikali ilipowalegezea kamba wafanyabiashara binafsi. Kwa miaka minne nilimwendesha kwenye stesheni wagoni kuukuu iliyokula mafuta vibaya, na sote wawili tulikwisha kuizoea. Kisha kaka yake, aliyekuwa akiagiza magari yaliyotumika kutoka Japani, akamletea gari dogo la rangi ya fedha.

"Hili ni haibridi," alitueleza pale uani. "Lina injini ya petroli na mota ya umeme. Ukisimama kwenye foleni injini inajizima. Ukishika breki, betri inajichaji. Lile lenu likila lita mbili, hili linakula moja."

Nilimuuliza betri hiyo inachomekwa wapi usiku. Akacheka.

"Haichomekwi popote," alisema, kisha akamgeukia dada yake. "Na dereva akikwambia limekula zaidi ya hapo, muulize yeye, usiliulize gari."

Aliyasema mbele yangu, kwa mzaha. Lakini mama hakucheka, na mimi sikucheka.

Mwezi wa kwanza gari lilifanya kama lilivyosifiwa. Nilishuka nalo kutoka Sekei kimya kabisa, waenda kwa miguu wakishtuka kunikuta nyuma yao. Baadaye likaanza kubadilika kidogo kidogo, na baridi ya mwezi wa saba ilipoingia likawa linakula karibu sawa na lile kuukuu. Nilimwambia mama kwamba siku hizi injini haizimi kwenye foleni. Aliniangalia kupitia kioo akasema, "Kaka alinionya kuhusu maelezo."

Mafuta yalionyeshwa kwa vijiti vinavyowaka kwenye dashibodi. Jioni, kabla sijakabidhi ufunguo, alikuja kuvihesabu. Asubuhi alivihesabu tena. Halafu ndipo ulipofuata ule mkono.

Sikuiba hata tone. Ila niliwajua madereva waliokuwa wakiiba, nilijua mpira unavyonyonya mafuta na dumu linavyofichwa, kwa hiyo sikuweza kumlaumu moja kwa moja. Badala yake nikaanza kumtafuta mwizi wangu mwenyewe. Nyumba ile ilikuwa na mlinzi, mzee wa Kiarusha kutoka upande wa Kisongo, mtu wa maneno machache, aliyeacha ng'ombe wake wachache kwa mkewe ili apate ada ya wajukuu. Kibanda chake kilikuwa hatua tano kutoka kwenye gari. Jioni moja nilifunga uzi mweusi kwenye kifuniko cha tangi. Asubuhi nikaukuta umekatika.

Siku hiyo hiyo mama aliniita jikoni.

"Gari hili linakaa na watu wawili," alisema. "Wewe na mlinzi. Nikuulize wewe au nimuulize yeye?"

"Muulize yeye, mama," nilisema. "Ndiye anayelala nalo." Nikamweleza habari ya uzi.

Jumamosi mzee aliondoka na blanketi lake na rungu lake. Alipopita karibu yangu alisema, "Baki salama, kijana wangu." Nilijifanya nafuta kioo.

Wiki mbili zilipita, vijiti vikaendelea kupungua vilevile, na mama, aliyekuwa ameacha kunipa mkono, akaanza tena. Hatimaye aliamua kulipima gari yeye mwenyewe. Tulijaza tangi sheli mpaka pampu ikakata, naye akakaa kiti cha mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Tukaenda Kisongo, uwanja wa ndege, kuchukua boksi la dawa. Tukarudi, tukapitiliza hadi Kikwe kwenye shamba lake la mahindi, kisha tukarudi sheli ileile kujaza. Njiani niliposimama kujisaidia alichomoa ufunguo akauweka mkobani. Kesho yake tulizunguka njia ileile kwa stesheni wagoni, ambayo bado ilikuwa uani. Tofauti ya mafuta yaliyoliwa na magari mawili haikuzidi chupa moja ya maji.

Mama alisimama pale sheli akiitazama pampu.

"Hukuligusa tangi," alisema.

"Sikuligusa, mama."

"Na mafuta yamekwenda."

Tulilipeleka lile dogo kwa fundi umeme wa Ngarenaro. Alikuwa hajawahi kulifungua gari la namna hiyo, akakiri hivyo, akaomba muda. Aling'oa kiti cha nyuma, akatuonyesha betri kubwa iliyolala chini yake, kisha tundu la hewa pembeni mwa kiti. Alitoa humo pamba ya vumbi na nyuzi za sufi, konzi nzima.

"Betri inapumulia hapa," alisema. "Ikikosa hewa inapata joto, inagoma, kazi yote inarudi kwa injini. Nani hukaa upande huu?"

Kila asubuhi ya baridi mama alikaa pale, na pale kwenye tundu ndipo alipolundika sweta, shali na mikoba yake.

Baada ya kusafishwa gari likapata nafuu. Halikufikia maneno ya kaka yake, maana betri ilishaumia, lakini likawa bora kuliko lile kuukuu. Tukiwa njiani kurudi mama alisema, "Pole." Pole huambiwa hata mtu aliyejikwaa kwenye jiwe la Mungu. Nilitaka samahani. Kisha nikakumbuka kwamba na mimi nilikuwa na deni la samahani kwa mzee.

Jumapili nilikwenda Kisongo. Nilimkuta mzee akikaza miti ya zizi la ndama. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya betri, kisha nikasema, "Na mimi ndiye niliyekutaja."

Aliendelea kukaza.

"Nilijua," alisema. "Nilikuona umechuchumaa unafunga uzi. Nilidhani ni dawa ya mganga unaweka kwenye gari la watu. Nikaukata."

Aliniambia nikae. Mkewe alileta maziwa, akaweka kibuyu mbele yangu bila kunitazama usoni.

Mzee hakutaka kurudi Sekei. Alitaka barua tu, kwa sababu kila alikoomba lindo waliuliza aliondokaje pale. Nilimwomba mama. Siku ya kwanza alinyamaza, ya pili akasema ana kazi nyingi. Ya nne aliandika, mistari sita, kwamba mzee hakuiba chochote, akapiga na mhuri wa duka la dawa.

Nilimpelekea mzee jioni hiyo hiyo. Aliniomba nimsomee. Nilipomaliza alimwita mkewe atoke ndani, akaniambia nisome tena.