Baba na Programu Huria

Miaka ile nilikuwa nikisimamia kompyuta sita katika duka la intaneti mjini Sumbawanga, na mwenye duka aliniamini kuliko nilivyostahili. Asubuhi moja programu ya kuchati, ile ya kampuni kubwa ambayo kila mteja aliijua, iligoma. Ilitaka niweke toleo jipya. Toleo jipya nalo likazikataa kompyuta zetu kuukuu. Nilikasirika kweli. Dada yangu alikuwa India masomoni, na humo ndimo tulimokuwa tukiongea.

Si mimi tu niliyemhitaji. Baba alikuwa amempinga asiende, dada akaondoka bila baraka zake, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Wiki ile baba alikuja kutoka kijijini kwetu Mollo akaniambia, huku akitazama ukuta, kwamba anataka kuzungumza na dada. Najua ilimgharimu kulitamka. Nilimwomba arudi Jumamosi, kisha nikaanza kuhangaika.

Kwenye sidii moja niliyopewa kwenye semina ya kompyuta nikakuta programu nyingine. Iliweza kumfikia dada kwenye mtandao uleule wa kampuni, na haikuzidharau kompyuta zetu. Ajabu zaidi, walioitengeneza waliiacha wazi: unaifungua, unaona ilivyoundwa, unaibadilisha, unampa mwingine. Nani anakupa kitu chake pamoja na siri za kukitengeneza? Nilipekuapekua hadi nikalipata faili lenye maneno yote yanayotokea kwenye skrini, nikaanza kuyageuza kuwa Kiswahili, moja baada ya jingine, hata nikasahau chakula cha mchana.

Jumamosi baba akafika na koti lake la kanisani. Nikamweleza kwa majivuno kwamba hii ni programu huria.

"Huria?" Akasogeza kiti nyuma. "Kama lile soko?"

Nilimwelewa. Soko huria lilipofika kwetu ushirika ulikufa, wakaja wanunuzi na lumbesa zao, magunia yaliyojazwa mahindi hadi yakaota kilemba, na bado kila moja wakalilipia kama gunia la kawaida. Kwa baba, huria ni mwenye nguvu kujifanyia atakavyo.

"Hapana, baba. Hii hata wewe unaweza kuibadilisha."

Hakunisikiliza. Alikuwa ameliona jina la dada kwenye skrini, na pembeni yake neno nililoliandika kwa mkono wangu: *Hayupo*.

"Hayupo?" Akanishika mkono. "Nani kakwambia? Lini?"

Nikang'amua kosa langu. Kwetu ukimuulizia mtu ukajibiwa hayupo, kwanza unanyamaza ujue ni safari tu au ni kifo. Nikamweleza mbiombio kwamba dada ni mzima, hajafungua kompyuta tu. Baba akashusha pumzi, halafu akanigeukia kwa hasira.

"Umesema hata mimi naweza kuibadilisha. Haya, ondoa hilo neno. Andika ametoka."

Nikalifungua faili mbele yake, nikafuta, nikaandika, nikaiwasha programu upya. *Ametoka*. Baba alilisoma mara mbili.

"Na wenyewe hawatakuja kukushtaki?"

"Hawatakuja."

"Ni watu wa namna gani hao?"

 Nami nilikuwa najiuliza hivyohivyo wiki nzima.

Tukangoja. Hatimaye jina la dada likawaka, nami nikaandika upesi: *Baba yupo hapa, anataka kuongea na wewe.* Hakujibu. Niliona jina lake bado linawaka, na bado hajibu, nikaogopa kwamba nimeharibu kila kitu. Baba alikuwa amekishika kiti kwa mikono miwili. Kisha maneno yakatokea.

*Shikamoo baba.*

"Marahaba, mwanangu," baba akaiambia skrini, kwa sauti iliyowafanya wateja wote wageuke.

Nikamnong'oneza kwamba dada hasikii, lazima tuandike. Niliponyoosha mkono kwenye kibodi, aliusukuma kando, akainama na kuanza kuitafuta M ya marahaba.