Tarehe ya Mwisho Ambayo Sikuiandika

Mafunzo yalifanyika siku tatu, katika ukumbi wa kukodi pale Tumbi, na tulikuwa kumi na wanane. Nilihesabu mara mbili kwa sababu viti vilikuwa kumi na saba, na mimi kwa umri huu sisimami. Tulikuwa wauguzi kutoka Kibaha na Kisarawe, na matabibu wawili. Somo lilikuwa namna ya kuzungumza na mwanamke aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi kuhusu tendo la ndoa. Mkufunzi, daktari mwanamke mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, alipolitamka hilo tendo mara ya kwanza, ukumbi ulicheka kama darasa la tano.

"Chekeni," alisema. "Mkimaliza, anyooshe mkono aliyewahi kumuuliza mgonjwa wake habari hizi."

Nilihesabu mikono: hakuna hata mmoja. Nikarudia, na wangu ukiwa mapajani.

Siku hiyo tuliigiza wawili wawili. Mimi nilikuwa nesi, na mgonjwa wangu alikuwa muuguzi mnene wa kiume kutoka Kisarawe, amejifunga khanga kiunoni.

"Mama, nyumbani wewe na mzee mnaendeleaje?" nikamuuliza, macho yakiwa dirishani.

"Mzee yupi? Ninao wawili."

"Niambie yule mwenye nafuu."

Watu wakaangua kicheko. Daktari hakucheka. Alisema nimeliuliza dirisha, sasa nimuulize mgonjwa. Nikaanza kupatana na daktari: foleni yetu inafika getini, maswali sita aliyotupa ni mengi, anipunguzie yawe matatu.

"Mawili," akajibu. "Ila uyaulize kweli."

Sokoni Kwa Mathias wauza nyanya wakiniona nakuja hujifanya wanaongea na simu. Sikuzoea kupunguziwa zaidi ya nilivyoomba. Nilikaa chini nikiwa na wasiwasi.

Siku ya pili alituonyesha vijiti vinne vya plastiki laini, vyenye unene wa kupanda, cha kwanza sawa na kidole, cha mwisho tusikitaje. Alieleza kwamba mionzi hukausha uke na kuusinyaza, na makovu yakishikana njia hujifunga. Ndiyo maana wiki chache baada ya matibabu, daktari akiridhika kwamba pamepona, mwanamke anatakiwa aanze kutumia vijiti hivyo taratibu, au arudi kwa mumewe kama anataka na anaweza.

"Ninyi huwa mnawaambiaje?"

"Wasikutane na waume zao," tukaitikia kama wanakwaya.

"Mpaka lini?"

Nikauona mwandiko wangu mwenyewe kwenye makaratasi ya miaka yote. Vidonge: kutwa mara tatu, siku saba. Kidonda: rudi Jumatatu. Mume: asikutane naye. Kisha nukta, na mgonjwa anayefuata.

Siku ya tatu waliletwa wanawake watatu waliokwisha kutibiwa, watueleze. Wa pili alitoka Maneromango. Ni mkulima, mwimbaji wa kwaya usharikani, amepungua hadi gauni linamzunguka. Nilimtambua kabla hajakaa. Mara tatu nilikuwa nimempima presha, na mara zote nilimsifu kwamba ilikuwa nzuri.

"Nilichomwa mionzi Dar," alisema, "nikarudi, nikawa nahudhuria kliniki Kibaha. Nesi akaniambia nisikutane na mume wangu. Bibi yangu aliniachia nyuzi mbili za shanga, nyeupe na nyekundu. Nyekundu ikiwa juu ya mto, mume anajua leo hapana, analala bila kuuliza. Basi nikaiweka nyekundu, nikaiacha hapo. Msimu wa kwanza wa korosho mzee alivumilia. Msimu wa pili akaanza kulala Kisarawe mjini, anasema barabara mbovu. Na barabara ni mbovu kweli, kwa hiyo sikuwa na cha kumjibu."

Hapo hakuna aliyecheka.

"Kwa nini hukuuliza unaruhusiwa lini?" tabibu mmoja akadakia.

"Nilingoja mniambie. Mlifunga ninyi, baba, sikufunga mimi."

Miezi kumi na tisa tangu nimwambie. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, nikarudia, haikupungua.

"Nesi huyo unamkumbuka?" daktari aliuliza.

"Walikuwa wengi," akasema, akitazama saa ya ukutani, juu kidogo ya kichwa changu.

Wakati wa chakula nilimfuata nje.

"Shikamoo dada," akaniwahi.

"Marahaba. Umenijua?"

"Tangu ulipoingia. Ulikuwa unahesabu viti."

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja wangekuangalia wewe. Nilitaka wanisikilize mimi."

"Nilikukosea, mama. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Sasa niambie, inafunguka au haifunguki? Mzee anakuja Pasaka. Amesema hapo ndipo ataamua alale wapi."

Swali hilo sikuwa na mamlaka ya kulijibu, nikampeleka kwa daktari. Daktari hakumdanganya. Alisema baada ya muda huo ni vigumu, huenda ikafunguka kidogo, hawezi kuahidi. Aje kliniki kwake Jumatatu ampime kwanza, halafu aanze na vijiti. Ila seti ya vijiti ilikuwa hiyo moja, na wiki ya pili yake ilitakiwa Kisarawe kwa mafunzo kama yetu.

Nikamwambia daktari atuachie vyote vinne.

"Haiwezekani. Ni vya kufundishia."

"Vitatu."

"Dada, nimesema haiwezekani."

"Siku tatu umetufundisha visikae kabatini. Basi tuachie viwili vidogo. Kisarawe waonyeshe vikubwa, wale wanapenda makubwa."

Muuguzi mnene akapinga kwa niaba ya wilaya nzima, na daktari akacheka kwa mara ya kwanza. Viwili nikavipata, pamoja na tyubu ya jeli ya kulainishia. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeshinda, kama mtu aliyetoka gulioni na kapu limejaa.

Jumatatu daktari akampima, nami nikamkabidhi vijiti vile. Pasaka ikapita. Wiki mbili baadaye alikuja kliniki, akasubiri foleni yote iishe, kisha akaingia na kukaa. Safari hii nilifunga mlango na kumtazama usoni.

"Nyumbani wewe na mzee mnaendeleaje?"

"Kile kidogo kinaingia," alisema. "Kwa maumivu, lakini kinaingia. Cha pili kimekataa. Mzee alikuja, nikaitoa nyekundu, nikaiweka nyeupe. Tulijaribu. Nikalia. Akainuka akavaa. Hakugomba, dada. Angegomba ningepata la kusema. Asubuhi akachukua redio na panga lake, akanisalimia vizuri kabisa, akaondoka."

Akatoa kipande cha khanga safi, akakifungua mezani. Ndani vilikuwamo vijiti vyangu, vimeoshwa vinang'aa.

"Hesabu mwenyewe, najua utahesabu. Mpe mwenzangu ambaye bado ana wa kumngojea."

"Haviazimwi hivi, ni vya mtu mmoja. Na wala si vya mzee. Njia ikijifunga daktari hawezi kukupima, na ugonjwa ukirudi nani atauona? Chukua vyote."

"Sitaki."

"Chukua kimoja basi."

Alivitazama muda mrefu, kama mtu anayechagua samaki na wote wameharibika. Akakichukua kidogo, akakifunga kwenye pindo la khanga.

"Hiki cha daktari," akasema. "Kile kilikuwa cha mzee."

Akaaga, akaenda kutafuta gari la Maneromango kabla mvua haijafunga barabara.

Sasa kila karatasi ya ruhusa naandika tarehe ya mwisho, naisoma kwa sauti, namwambia mama naye airudie. Kalamu zangu hukaa kwenye droo. Kile kijiti cha pili kimo humohumo, na kila ninapotafuta kalamu nakigusa kwanza.