Maswali ya mlango

Saa tatu asubuhi, mdodosaji amekaa kwenye benchi la ofisi ya utafiti, anakata swali kwa kalamu nyekundu. Ni lile la kumwachisha mtoto ziwa. Anapitisha mstari mara ya pili, karatasi inatoboka.

"Dada Maswali, utatoboa na meza," mwenzake anamtania.

"Heri ningeitoboa mapema," anajibu, hacheki.

Kwa miaka sita kazi yake ni kugonga milango na kuwauliza wanawake, wakiwa peke yao, kama kuna anayewapiga nyumbani. Maswali sitini na mawili. Kila mmoja huahidiwa kwamba alichosema hakitatoka. Mtu akiingia ghafla, mdodosaji hurukia karatasi nyingine, ya malezi ya watoto, kana kwamba ndiyo iliyomleta. Maswali hayo ya kuzugia, wenyewe wanayaita maswali ya mlango.

Siku kumi na moja zilizopita, katika nyumba moja, walifika swali la arobaini. Mwenyeji wake, mke wa mtu, ndiyo kwanza amekunja mkono wa gauni kumwonyesha kovu. Mlango ukafunguka. Mume.

"Nikauliza kwa sauti kavu: mtoto wako wa kwanza ulimwachisha ziwa akiwa na miezi mingapi?" anamsimulia mwenzake.

"Mtoto gani, dada?" mume akasema. "Mimi humu sijaletewa mtoto."

Hawakuwa na mtoto. Na mke alikuwa ametoka kusema kuwa ndicho anachopigiwa. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa mdodosaji mwenyewe, ulisema: watoto, hakuna.

"Yule mama akasema, 'Huyu dada kakosea nyumba.' Akanisindikiza mpaka nje. Yeye ndiye aliyeniokoa mimi."

Kanuni hairuhusu kurudi. Mgeni anayerudi huzua maneno. "Nikienda, naweza kumponza. Nisipoenda, sijui kama ni mzima."

Nyumbani, mama mzazi wa mdodosaji, anayeishi naye, amechoka kumtazama. "Unakula huku umetega sikio mlangoni, mwanangu. Acha kazi hiyo."

"Nikiacha, mama, kosa langu nitamwachia nani?"

Juzi alimweleza msimamizi yote, akitegemea kufukuzwa. Msimamizi akauliza tu, "Kitu gani hakikosekani nyumba yoyote?"

"Maji," akajibu.

Sasa maswali ya mlango ni ya maji. Jumatatu atapita mtaa ule wote, mlango kwa mlango, na kila nyumba itaachiwa karatasi ileile ya namba za huduma: bomba likipasuka, mgonjwa akizidiwa, na ile ya wanawake wanaopigwa, katikati ya nyingine.

"Na kwa yule mama utasemaje?" mwenzake anauliza.

Mdodosaji anafunika kalamu.

"Nitaanzia nyumba ya kwanza, nifike kwake kama nilivyofika kwa jirani. Simwulizi lolote, ni maji tu. Hata akinijibu 'ndoo mbili', nitajua yupo."