Siku Niliyonena kwa Lugha ya Chupa

Jumapili hiyo, kanisani kwetu Shanwe, nilinena kwa lugha.

Msicheke. Lugha yenyewe niliitoa kwenye chupa ya dawa ya ng'ombe.

Baba yangu, Mzee Ngolo, anauza dawa za mifugo kule Majengo. Siku moja, duka limejaa wafugaji, akanikabidhi chupa.

"Soma hilo jina, wakusikie."

Jina refu kama treni ya Tabora! Nikasema "oksi", nikakwama hapo hapo. Wafugaji wakaangua kicheko.

"Kidato cha tatu, chupa imekushinda? Basi. Shule ikifunguliwa, wewe unakaa hapa dukani."

Na baba akishasema mbele za watu, imeisha hiyo.

Nililia jamani. Nikamfuata Mwalimu Cletus wa kemia.

"Ng'ombe hamezwi mzima," akasema. "Kata vipande, halafu unga."

Akanikatia: oksi, tetra, saiklini, haidro, kloraidi.

Wiki nzima nikashinda nyuma ya jiko la shangazi Pudensiana, dada yake baba, nakata na kuunga. Nilitaka baba anisikie, abadili mawazo.

Jumapili, kwenye maombi, kila mtu akawa anapaza sauti. Nami nikafumba macho, nikaendelea na mazoezi yangu. Mchungaji akanyamazisha watu. Mimi sina habari.

"Oksi! Tetra! Saiklini! Kloraidi!"

Nikafumbua macho. Kanisa zima linanitazama.

"Amina!" mchungaji akapokea. "Nani ana tafsiri?"

Shangazi akasimama, uso mkavu.

"Bwana anasema, Ngolo, mrudishe mtoto shule."

Baba akapiga magoti. "Mimi ni nani nibishane na Bwana?"

Tulipotoka nikamvuta shangazi pembeni.

"Shangazi, ulijua?"

"Wiki nzima unanipigia kelele jikoni, nisijue? Hebu nyamaza."

Shule ilipofunguliwa, baba alinipeleka mwenyewe kwa pikipiki yake. Getini akanishushia begi, akanisogelea.

"Ila haidro uliiruka."

"Baba! Kumbe ulikuwa unajua?"

"Naiuza kila siku, nisiijue? Ingia darasani."

Akawasha pikipiki, akaondoka bila kugeuka. Nikabaki pale getini nacheka huku machozi yananitoka.

Ndugu zangu, mzazi akijifungia mlango kwa maneno yake, msiuvunje. Mwachieni dirisha, atapita mwenyewe.