Mafundo ya Uzi Mweupe

Fundi umeme huyu haugusi waya kabla hajaufunga uzi. Fundo moja kwa waya unaotoka kwenye ufunguo wa gari, mawili kwa unaokwenda kwenye koili ya cheche za injini. Uzi huukata kwa meno, hupuliza vidole, kisha huguna kama mtu aliyejibiwa swali. Mshonaji, mwenye gari kuukuu aliloachiwa na marehemu mumewe, alimtazama akifunga viuzi vyake, kisha akifungua solenoidi mbovu, kile kikopo kinachopeleka moto kwenye stata ya kuwashia injini. "Fundi, unatengeneza gari au unalisuka nywele?" Fundi akacheka kidogo, akaenda kunawa.

Mshonaji na uchafu haviivi chungu kimoja. Alitwaa kitambaa akazifuta nyaya zote mpaka zikang'aa, na vile viuzi akavikata kwa mkasi, kama asafishavyo gauni la mteja. Alijiona amesaidia kweli.

Fundi aliporudi, akainama. Akashika waya mmoja, akauachia, akashika mwingine. Safari hii hakuguna.

"Mama, samahani," alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. "Wa kijani ni upi hapa?"

Nyaya nyembamba zilikuwa mbili tu, mmoja mwekundu, mwingine wa kijani, mchana kweupe. Mshonaji alifungua kinywa acheke, akauona mkasi mkononi mwake, akaelewa kuwa fundi hatofautishi rangi hizo.

"Huu hapa, baba," alisema, uso ukimwaka. Akachomoa uzi kwenye kanga yake. "Ulikuwa na mafundo mangapi?"

"Mawili."

Alijaribu mara tatu, yeye aliyeshona maisha yake yote, na vidole vikakataa kukaza fundo.