Barua iliyokwama nyuma ya salamu

Saa mbili kasorobo asubuhi, Ijumaa. Katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi ya hoteli moja ya Diani, Mishi Mwero ameinamia kompyuta kuukuu yenye maandishi ya rangi ya chungwa. Anaandika jina la faili: 1112ASU1. Tarehe kumi na moja, mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, faili la kwanza. Analisoma mara mbili, herufi kwa herufi, kisha anamgeukia mzee aliyeketi meza ya pili na mikono yake juu ya magoti.

"Mzee Chome, hujatuma kitu?"

"Sijatuma, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Hata kukohoa sijakohoa."

Mishi hacheki. Robo saa ijayo, modemu italia, hoteli itaungana na makao yake makuu Mombasa kwa njia ya simu, na kwa dakika ishirini barua za pande mbili zitapita. Miongoni mwa zinazosubiri upande wa Mombasa imo inayoeleza kama mwakani atakuwa na kazi au hatakuwa nayo. Imejaribu kuvuka mara kumi na mbili tangu Jumatatu, na mara zote kumi na mbili imekatika njiani. Meneja anatakiwa awe ameijibu leo saa kumi jioni. Isipojibiwa, mkataba wa Mishi utakwisha wenyewe tarehe thelathini na moja.

Yeye ndiye fundi wa mawasiliano hayo. Jambo hilo amekumbushwa na karibu kila mtu hotelini.

Mishi, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ni mzaliwa wa Msambweni. Alisomea umeme katika chuo cha ufundi Mombasa, na kompyuta akajifunza kwa kuzifungua zilizoharibika. Aliajiriwa hapa mwaka 1995. Mshahara wake ni shilingi 7,800 kwa mwezi, na kwa huo anamtunza mama yake na watoto wawili. Kabla ya vurugu za Pwani za mwaka jana, 1997, hoteli ilikuwa na wafanyakazi mia moja na arobaini. Wageni wakapungua, na leo wamebaki themanini na watatu, wengi wao kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

"Hapa mtu hafukuzwi," anasema. "Mkataba wake unaachwa ukauke tu."

Matatizo yalianza Septemba. Majina ya wageni yaliyokuwa yakifika kutoka Mombasa kila asubuhi yakaanza kuchelewa, siku nyingine hadi jioni, siku nyingine hadi kesho yake. Mara mbili basi la uwanja wa ndege lilishusha watu ambao hakuna aliyewatarajia.

Meneja, Bwana Wambua, mtu wa Machakos aliyeletwa Pwani miaka mitatu iliyopita, alikuwa akisimama mlangoni kwake kila siku na swali lile lile: "Mishi, hii laini iko na shida gani tena?"

Mishi aliwaita mafundi wa simu mara tatu. Walipima, wakasema laini ni nzima. Akampigia aliyewauzia kompyuta. Huyo akasema mashine ni nzima, na anayebisha alete ushahidi.

"Kila mtu alinituma kwa mwenzake," anasema. "Nikaona basi, ushahidi nitautafuta mwenyewe."

Mwanafunzi mwenzake wa zamani alimpa disketi yenye programu ndogo ya kunasa mawasiliano. Kazi yake ni rahisi kueleza: inakaa kwenye waya, inasoma kila kinachopita baina ya kompyuta na modemu, na kuonyesha nani ametuma, kwa nani, kitu gani, saa ngapi. Ugumu ni kwamba mistari hupita mbio kuliko jicho. Kwa hivyo lazima programu iambiwe iandike yote kwenye faili, ili mtu aketi nalo baadaye kwa utulivu.

Utulivu huo hakuupata. Wiki ya kwanza ilipotea yote kwa kosa lake mwenyewe, naye halifichi. Mawasiliano hufunguliwa kwa zamu tatu: saa mbili asubuhi, saa sita adhuhuri, saa kumi jioni. Mishi aliipa programu jina moja tu la faili. Kila zamu mpya ilipoanza, programu iliandika juu ya zamu iliyotangulia, bila kuuliza. Jioni alipofungua faili alikuta zamu ya saa kumi peke yake, wakati ambao siku zile haukuwa bado na msongamano wowote.

"Wiki nzima nilikuwa nikimpelekea meneja karatasi inayoonyesha kwamba hakuna tatizo," anasema. "Nilijitolea ushahidi dhidi yangu."

Akaanza kuyapa mafaili tarehe na zamu. Sasa diski ya kompyuta ikajaa, kwani nafasi iliyobaki ilitosha zamu tano tu. Ikambidi ahamishie kwenye disketi, na disketi huku ufukweni zina adui, nao ni unyevu wa bahari. Katika boksi moja la disketi kumi, tatu zilishika ukungu kabla hazijaandikwa chochote. Siku hizi anazihifadhi ndani ya bati la biskuti lenye mchele mkavu chini. Jikoni wamelalamika kuhusu mchele.

Baada ya siku nane alikuwa na mafaili ishirini na manne yanayosomeka. Aliyapitia saa za chakula cha mchana, mstari kwa mstari. Katika karibu kila zamu alikuta kitu kimoja, kirefu kuliko vyote: faili la sauti, SALAMU.WAV.

Hapo ndipo Mzee Chome anapoingia.

Mzee Chome ana miaka hamsini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia kwenye meza ya kupokea maombi ya vyumba. Kwa miaka mingi alifungua siku yake kwa kumpigia simu Bwana Tembo, mwenzake wa Mombasa, wasalimiane kabla ya kuanza kazi. Mwaka jana hoteli ilipobana matumizi, simu za Mombasa zikapigwa marufuku ila kwa idhini ya meneja. Septemba zikaletwa kompyuta mpya zenye kipaza sauti. Kijana wa kampuni iliyozileta alimwonyesha mzee jinsi ya kurekodi sauti na kuituma pamoja na barua.

"Akaniambia ni bure," anasema Mzee Chome.

Salamu yake ya kawaida ina urefu wa sekunde arobaini. Huuliza hali, nyumbani, watoto, mguu wa Bwana Tembo, na mvua. Katika kompyuta sekunde hizo arobaini ni mzigo mkubwa, na modemu ya hoteli ni ya mwendo wa kinyonga: salamu moja huchukua dakika saba kuvuka. Bwana Tembo naye hujibu, kwa kuwa salamu haiachwi bila jibu, na jibu lake ni dakika saba nyingine. Mtu wa tatu akisalimia, zamu imekwisha. Kufikia Novemba walikuwa wakisalimiana watu tisa.

Katika daftari la malalamiko kuhusu ucheleweshaji wa majina ya wageni, sahihi ya Mzee Chome imo mara kumi na moja.

Mishi alimfuata na karatasi mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani? Mama hajambo?"

"Hajambo. Mzee, hizi salamu zako ndizo zinazoziba njia."

"Salamu haizibi njia. Salamu hufungua."

"Nina mafaili ishirini na manne yasemayo vingine."

Mzee Chome aliivaa miwani yake, akaisoma karatasi yote bila haraka. "Kwani wewe huweza kusikia ninayomwambia Tembo?"

"Sisikii. Naona ukubwa wake tu."

"Basi ni makubwa," alisema mzee, na kuirudisha karatasi. "Kwani waniona mimi ni mtu wa kumwandikia mwenzangu 'hujambo' kama risiti? Mwache kwanza apone mguu."

Hilo lilikuwa Jumanne. Jumatano mchana, katika kuyapitia mafaili ya tangu Jumatatu ili apate hesabu kamili, Mishi alikuta mistari ambayo hakuwa akiitafuta. Ilikuwa barua kutoka makao makuu kwenda kwa meneja. "Kuhusu mkataba wa Bi. Mishi Mwero, fundi wa kompyuta. Uamuzi umo katika barua iliyoambatishwa, yenye sahihi na mhuri. Tafadhali jibu kabla ya Ijumaa saa kumi." Baada ya hapo ikafuata picha ya barua yenyewe, ambayo ndani ya faili ni mkorogo wa herufi usiosomeka. Kisha mkorogo ukakatika katikati.

Akafungua faili la zamu iliyofuata, akayakuta maneno yale yale, yamekatika vile vile. Kwa utaratibu wa programu ya barua, kinachokatika hutupwa upande wa kupokea, na upande wa kutuma hurudishwa mwisho wa foleni, nyuma ya salamu mpya. Meneja hakuwa ameona hata herufi moja. Kote Diani, barua hiyo ilikuwapo ndani ya mafaili ya Mishi tu, na humo haikuwa nzima.

"Sikuwa na haki ya kuisoma, haikuwa yangu," anasema. Alikwenda kwa meneja saa ile ile, akamweleza alichokiona na alivyokiona.

Bwana Wambua alipiga simu Mombasa. Katibu wa huko, Sumaiya, alisema barua ameituma tangu Jumatatu, na uamuzi wa bodi hausomwi kwa simu. Mishi akapendekeza dereva aifuate.

Jibu la meneja analikariri bila kukosea neno: "Siwezi kutuma gari ipande feri juu ya karatasi moja. Laini ni kazi yako. Kama barua yako mwenyewe haiwezi kufika, bodi inakuongezea mkataba wa nini?"

"Na ubaya," anasema Mishi, "ni kwamba hakukosea."

Alirudi kwa Mzee Chome. Safari hii hakuwa na karatasi. Alimweleza habari ya mkataba. Mzee akasema: "Ungeanza na hilo, mwanangu. Wewe ulinijia na hesabu." Akaahidi kunyamaza hadi barua ifike, na akawanyamazisha wengine wote wa Diani.

Alhamisi asubuhi hakuna salamu iliyotoka. Zamu ikaliwa na majibu ya jana yake yaliyokuwa yakingoja Mombasa. Saa sita Mishi alikaa mbele ya mashine akiwa na uhakika. Kilichoingia kwanza ni sauti ya Bwana Tembo, dakika moja na robo nzima, akiuliza kwa nini Chome amekaa kimya, kama anaumwa, na kama anaumwa amelazwa wapi. Dakika saba zilizobaki hazikuitosha barua, ikakatika tena. Saa kumi zikaingia pole mbili za sauti kutoka kwa watu wengine wa ofisi ile, waliosikia kwamba Chome ni mgonjwa, na barua ikakatika kwa mara ya kumi na mbili.

"Nilitoka nje," anasema Mishi. "Nikazunguka jenereta mara moja, nikarudi."

Kabla zamu haijafungwa, alimkalisha Mzee Chome mbele ya kibodi. Mzee akaandika kwa kidole kimoja maneno yaliyompa uchungu: "Mimi mzima. Msijibu. Chome." Yalivuka kwa muda usiofika sekunde moja.

Ndipo tulipofika Ijumaa.

Saa mbili kamili modemu inalia. Mistari ya rangi ya chungwa inaanza kushuka, na taa ya diski inamemeta kila faili linapoandikwa. Hakuna SALAMU.WAV. Linapita jina la Mishi, kisha mkorogo wa herufi, mstari baada ya mstari. Dakika ya tatu. Dakika ya tano. Mzee Chome anauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kupumua. Dakika ya nane mkorogo unakoma, na safari hii mwisho wake umo.

Chumba cha pili, mashine ya kuchapisha inakwaruza. Bwana Wambua anatokea mlangoni na karatasi. Ni miaka miwili, shilingi 8,600, kuanzia Januari. Kuna sharti moja: fundi aeleze kwa maandishi, kabla ya mwisho wa mwezi ujao, kwa nini barua za hoteli huchelewa, na arekebishe.

"Utaweza kueleza?" anauliza meneja.

"Maelezo yamo kwenye bati la biskuti."

Bwana Wambua anarudi kwenye kompyuta yake, na jibu lake la mstari mmoja kwa bodi linavuka papo hapo.

Mipango yake ni midogo na ameiandika. Ataomba diski kubwa, ili asifute kitu kwa wiki sita. Ataigawa foleni ya barua mafungu mawili, kazi kwanza, salamu katika zamu ya saa kumi jioni. Ana haraka, kwa sababu Ramadhani ni baada ya siku tisa hivi, na kabla yake watu themanini na watatu watataka kuombana radhi na watu wa Mombasa kwa sauti zao wenyewe.

Mzee Chome amekisogelea kipaza sauti, lakini hajakigusa.

"Dakika ngapi zimebaki?"

Mishi anatazama saa ya ukutani. "Tisa."

Mzee anangoja. Mishi anafunga faili la kwanza, anafungua jipya, analiandika jina, 1112ASU2, na kulisoma mara mbili.

"Sekunde arobaini, mzee," anasema. "Na mguu usiuulize zaidi ya mara moja."