Unga wa Siku za Mwezi Mkubwa

Siku moja bado naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu ilikuwa na vurugu za kutosha. Ilikuwa asubuhi, niko ufukweni mwa ziwa hapa Uvira nageuza ndagala, wale samaki wadogo, juani, mume wangu Baba Amani amekaa kwenye ukingo wa pirogi, mtumbwi wake, na kijana Riziki wa mtaa wa Songo anasimamisha moto, pikipiki yake ya kazi, mchangani. Umeniambia unataka kutia mali yako kwenye teatre ya miwani. Sikukatazi. Nataka usikie kwanza habari za Riziki, na uvumilie, maana maneno yetu sisi wazee ni marefu kama foleni ya mpakani.

Riziki alikuwa motari, anabeba abiria kwa pikipiki ya mtu mwingine. Lakini alikuwa na kundi la teatre, na akisimama kuigiza hata mama wa mihogo aliacha kuita wateja. Walikuwa wametunga mchezo juu ya usiku ule mto uliposhuka na mawe ukachukua nyumba za watu. Yeye aliigiza mwana anayembeba mama yake mgongoni ndani ya maji. Sasa amesikia kwa rafiki yake mmoja, fundi wa kompyuta huko Bujumbura, kwamba iko miwani ya kuongeza kitu juu ya kile unachokiona.

"Baba Amani, muntu anavaa ile miwani, anaendelea kuniona minye mwenyewe mbele yake, hapana picha," alisema. "Lakini anaona tena maji inaingia mu nyumba, inamufika ku magoti. Mwenye hakuwa Songo ile usiku, atajua tuliona nini."

Mume wangu akacheka kwa furaha. "Hii njo taa mupya," akasema. "Minye natia mali."

Kwa nini taa? Mume wangu alikuwa mtu wa ziwa. Sisi tunavua usiku, taa inawaka juu ya maji, ndagala wanaifuata. Mwenye pirogi, nyavu na taa anatoa fungu lake kwanza, wavuvi wanagawana kinachobaki. Ziwa likinyima, wote wanarudi mikono mitupu na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Basi wakapatana hivyo hivyo. Baba Amani ananunua miwani na mashine zake, Riziki na wenzake wanaleta mchezo, watu wakija watagawana. Wakashikana mikono. Mimi mwenyewe niliona ni haki kabisa.

Shida ni kwamba teatre haivuliwi usiku mmoja. Miwani ilichelewa, ikafika ikakataa kuelewana na mashine, fundi akaenda akarudi. Na kila alasiri Riziki alikuwa mazoezini, kwa sababu fundi alitaka kulinganisha maji ya miwani na hatua zake. Mwenye ile moto akachoka na dereva anayepotea kila alasiri, akampa mwingine. Riziki hakutuambia. Alikuja mazoezini kwa miguu, akasema anapenda kutembea, na sisi tukaamini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakikaa benchi moja.

Aliyeona njaa yake ni mzee Kashindi, mjomba wa mume wangu, aliyevua mpaka mgongo ukapinda. Alikuja siku moja kutazama mazoezi, akakataa miwani, akamtazama Riziki tu. Baadaye, nyumbani kwetu, hata chai hakuigusa.

"Mwezi ikikuwa mukubwa, usiku inaangaza, ndagala haifuate taa, pirogi inalala," alimwambia mume wangu. "Zile siku, wavuvi yako banakula nini?"

"Ninabapatia unga, mjomba. Tangu wakati ya baba, iko vile."

"Na huyu kijana? Weye umemuweka mu mwezi mukubwa hii miezi yote. Unamupatia nini?"

Mume wangu akasema walipatana kugawana mavuno, na mavuno bado. Mzee akasukuma kikombe chake pembeni.

"Nyavu ukiianika, inangoja. Muntu hawezi kungoja na njaa. Umechukua sheria ya ziwa nusu, ile nusu yenye ilikupendeza."

Niliona aibu kwa niaba ya mume wangu, na aibu yangu mwenyewe juu yake, kwa sababu unga wa wavuvi ni mimi niliyekuwa naupima. Niliupima miaka yote na sikuwahi kufikiria kwamba mwigizaji naye ana siku zake za mwezi mkubwa.

Kesho yake Baba Amani alinituma Songo na mfuko wa unga na samaki. Mama yake Riziki alinikaribisha kwa heshima. Mwanawe, akasema, ameondoka jana jioni kwenda machimbo ya dhahabu upande wa Fizi, kutafuta pesa ya chakula, atarudi kabla ya siku ya kuonyesha mchezo. Aliona haya kuaga. Niliuacha ule unga pale pale mlangoni.

Siku ya mchezo ilifika, Riziki hakufika. Tulikuwa tumekwisha kualika watu, na mume wangu akasema miwani itatosha. Kijana mwingine akasimama mahali pake. Maji yalipanda vizuri ajabu, mwanangu, nilikunja miguu yangu kitini. Lakini yule kijana alikuwa anatembea tu ndani ya maji. Mwanamke mmoja mbele yangu alivua miwani kabla ya mwisho, akamwambia jirani yake, "Maji niliiona. Muntu njo sioni." Nusu ya watu walitoka naye.

Habari ilitufikia baadaye. Shimo lilikuwa limewafunika, yeye na wenzake, hata kabla ya siku ile. Wakati sisi tunapanga viti, yeye alikuwa chini ya udongo.

Kwenye matanga, mama yake alinyanyuka kwenye mkeka, akamshika mume wangu mikono yote miwili. "Aksanti, baba," akasema. "Mutoto yangu alikuwa anasema, mu Uvira muzima, ni weye tu uliamini kazi yake." Mume wangu aliondoka pale amezeeka kwa siku moja. Mpaka alipofariki, kila mwezi mkubwa alipeleka unga Songo mwenyewe, na yule mama alimshukuru kila mara, na kila mara alirudi nyumbani bila kula.

Basi tia mali yako, mwanangu, teatre si kazi mbaya. Lakini usianze kuuliza bei ya miwani. Uliza wale watakaosimama mbele ya miwani wanakula nini siku za mazoezi, na nani analala njaa huku anakuchekea. Usingoje wakuombe, maana mwenye kipaji mara nyingi ni mwenye haya. Chakula chao kihesabu ndani ya mtaji, tangu siku ya kwanza, kabla ya mashine yoyote.

Mungu akubariki mikono, ipate na itoe. Akupe watu wazuri wa kufanya nao kazi, na siku ya mchezo wako wafike wote, wazima, kwa miguu yao.